Sahani nyeupe na giza la Ziwa Victoria

Mwezi Aprili 1865, meli ya Papa Pius IX iliyoitwa L'Immacolata Concezione ilikuwa nje ya bandari ya Civitavecchia, Italia, na ndani yake padri mmoja Mjesuiti akishusha sahani baharini kwa kamba. Padri Angelo Secchi alikuwa bingwa wa elimu ya nyota, mmoja wa watu wa kwanza kuzipanga nyota kwa makundi kufuatana na mwanga wake. Safari hii aliitwa na kamanda Alessandro Cialdi kujibu swali la kibaharia: jicho la mtu huona hadi kina gani majini? Akajaribu sahani kubwa na ndogo, nyeupe na za rangi, jua likiwa juu na likiwa limeinama. Namna ya kupima haijabadilika sana tangu siku hizo: unaishusha sahani hadi ipotee machoni, unaivuta hadi ionekane tena, unasoma urefu wa kamba.

Mwaka 1899 Mmarekani George Whipple aliipunguza sahani hiyo na kuigawa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe. Hiyo ya sentimita 20 ndiyo iliyoenea kwenye maziwa ya dunia. Fundi yeyote wa bati anaweza kuitengeneza, na pengine ndiyo sababu watu wengi huidharau.

Ziwa Victoria lilianza kupimwa kwa sahani ya namna hii wakati wa utafiti wa uvuvi wa 1927 na 1928 ulioongozwa na Michael Graham. Aliyewaleta watafiti hao alikuwa ngege: nyavu za makila zilikuwa zimeingia ziwani tangu 1905, na samaki huyo alikuwa akipungua. Mmoja wao, Barton Worthington, alipima pia uangavu wa maji. Takwimu zinazotajwa mara kwa mara ni kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1930 sahani ilionekana hadi kama mita 5, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ikipotea kwenye mita 1 au pungufu kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Kilichoingia hapo katikati ni mwani. Mbolea ya asili ya udongo uliomomonyoka, moshi na vumbi la mashamba yaliyochomwa, maji machafu ya miji, vyote vililishibisha ziwa. Mtafiti wa Uganda Rose Mugidde alipolinganisha vipimo vyake na vile Jack Talling alivyochukua mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta uzalishaji wa mwani umekuwa kama mara mbili. Tope la chini ya ziwa, ambalo hutunza kumbukumbu kwa matabaka, linaonyesha kwamba badiliko lilianza tangu miaka ya 1930, sambamba na kuongezeka kwa watu na kilimo. Sangara, ambaye hulaumiwa kwa kila kitu, alikuwa hajaletwa.

Tumezoea kusimulia kwamba furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, waliisha kwa kuliwa na sangara. Ni kweli, wengi waliliwa. Ila kuna furu waliopotea bila kuguswa na jino la sangara, na hao ndio wanaonishangaza zaidi.

Kisa chao kinaanza na mwanga. Katika maji safi mwanga mwekundu hufa mapema na wa buluu huzama mbali. Ziwa Victoria ni kinyume: mwani na tope hunyonya buluu kwanza, hivyo anayeteremka hukuta dunia ya rangi ya chungwa. Kwenye visiwa vya miamba vya Ghuba ya Mwanza wanaishi furu wawili ndugu. Pundamilia pundamilia, dume lake la buluu, hukaa karibu na uso wa maji. Pundamilia nyererei, dume lake jekundu, hukaa chini kidogo. (Huyo wa pili alipewa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, mwaka uleule aliong'atuka.) Macho yao nayo yametofautiana: wa chini huona wekundu vizuri zaidi.

Jike huchagua mume kwa rangi. Ole Seehausen na wenzake walipowaweka chini ya taa zilizofuta tofauti ya nyekundu na buluu, majike hawakujali tena yupi ni yupi. Matokeo hayo yalichapishwa 1997. Ziwa lenyewe limefanya jaribio hilohilo. Kisiwa cha Makobe, ambako sahani huonekana kupita mita 2, wekundu ni wekundu na buluu ni buluu. Luanso, ndani ya ghuba, sahani hupotea kwenye nusu mita hivi, na huko watafiti walikuta samaki wa rangi za katikati, wamechanganyika hata aina mbili hazitenganishiki. Kuvua sangara wote kesho hakutawatenganisha. Kazi ya kuwatenganisha iko nchi kavu, kwenye miteremko ya mashamba na mifereji ya mji inayoishia ghubani.