Redio ya ridhaa garini

Redio ya ridhaa garini ni chombo cha kurushia na kupokelea mawimbi kinachofungwa kwenye gari na kutumiwa na mtu mwenye leseni ya redio ya ridhaa, yaani anayewasiliana kwa kujifunza na kujiburudisha. Hufanana na simu ya upepo ya magari ya polisi, lakini masafa yake ni mengine na ni marufuku kuitumia kibiashara.

Nchini Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Alama za wito huanza na 5H; za Kenya huanza na 5Z na za Uganda 5X. Aliye safarini kwa kawaida huongeza herufi M mwishoni mwa alama yake.

Masafa yanayopendwa garini ni megahezi 144 hadi 146. Antena yake ni fupi, takriban sentimita 50, na hukaa vizuri juu ya paa. Lakini mawimbi haya husafiri karibu kwa mstari ulionyooka: kwenye tambarare, magari mawili yenye antena kimo cha mita 2 husikilizana kwa takriban kilomita 12 tu. Eneo la Ngerengere, mkoani Morogoro, laonyesha jambo hili vizuri. Liko kwenye nchi ya chini mashariki mwa milima ya Uluguru, inayopita kimo cha mita 2,600. Aliye Ngerengere aweza kumsikia mtu aliye juu kwenye miteremko ya mashariki, umbali wa makumi ya kilomita, huku akimkosa aliye Mgeta kwa sababu mlima umesimama katikati.

Hapo hutumika megahezi 7, ambazo mawimbi yake huakisiwa na tabaka la juu la angahewa na kushuka ng'ambo ya mlima. Antena kamili ingehitaji mita 10 hivi, kwa hiyo ya garini hufupishwa kwa koili na nguvu nyingi hupotea kama joto. Hata hivyo, masika yanapokata barabara na mtandao wa simu haushiki, mara nyingi inatosha kuomba msaada.

Redio ya wati 100 hula takriban ampea 20. Kuiunga kwenye tundu la kiberiti cha gari ni hatari ya moto. Waya utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe karibu nayo.