Rangi za buibui mjane wa kahawia

Buibui mjane wa kahawia (*Latrodectus geometricus*) ni spishi ya buibui wenye sumu katika familia ya Theridiidae, iliyoelezwa kisayansi na C. L. Koch mwaka 1841. Hupatikana Afrika, Amerika na nchi nyingine nyingi zenye joto, mara nyingi karibu na makazi ya watu.

Licha ya jina lake, rangi ya jike hutofautiana sana: yupo wa kijivu, wa hudhurungi, wa kahawia iliyokolea, hata anayekaribia weusi. Wenye rangi hafifu huonyesha mabaka na mistari mgongoni, na miguu yao ina pete nyeusi. Kwa weusi zaidi michoro hiyo hufifia au hupotea, ndiyo maana huchanganywa na spishi nyingine za wajane. Umri nao huchangia, kwani wachanga huwa weupeweupe na hukolea kadiri wanavyojivua ngozi. Chini ya tumbo kuna alama ya umbo la shisha, kwa kawaida ya rangi ya machungwa, wakati mwingine nyekundu. Kitambulisho cha kuaminika kuliko rangi ni kifuko cha mayai: cha duara, chenye vijimiiba vya hariri pande zote.