Kimondo cha Mbozi: ni nani hasa aliyekiona mwanzo?



Sisi tunaofuata vitenge Tunduma tunaujua mji ule kwa malori, vumbi na msongamano wa mpakani. Tunateremka kwenye basi, tunachagua mzigo, tunapatana bei, tunafunga marobota, tunarudi zetu Dar kupanda boti ya Unguja. Miaka yote hiyo tumepita Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe, tukiwa tumelala na mitandio usoni. Hatukujua kwamba tukiiacha barabara kuu kwa kilomita zisizofika ishirini tutakuta kitu kilichotoka juu mbinguni.

Aliyetuamsha ni mtoto. Likizo ya Juni tulikuwa wanawake watatu na watoto watano, kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa na hatukuwa na wa kuwaachia. Basi lilipokaribia Vwawa, mmoja wao, yuko darasa la tano, akauliza: "Mama, tumesoma kwamba Mbozi kuna kimondo. Si ndiyo huku?" Tukatazamana. Mtoto anajua kwa kusoma kitu ambacho sisi tumekipita zaidi ya mara ishirini. Tuliona haya, tukakubaliana kwamba mzigo utasubiri siku moja.

Kesho yake tukakodi gari hadi kijiji cha Ndolezi. Njia inapita kwenye mashamba ya mahindi na kahawa, na udongo ni mwekundu mpaka unashika nguo. Kimondo kiko kwenye mteremko wa kilima cha Marengi. Eneo hilo sasa linasimamiwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, na pana jengo la taarifa ambamo wageni wanaelezwa habari za mawe na nyota kabla ya kwenda kukiona chenyewe.

Watoto wetu wa kisiwani wamekua juu ya matumbawe. Kwao jiwe ni lile jeupe la kujengea, lenye matundu, ukilichimba unakuta kombe ndani yake. Walipofika mbele ya lile dude jeusi lenye kung'aa mahali mahali, refu kiasi cha mita tatu na zaidi, wote walinyamaza. Kisha mdogo kuliko wote akauliza kama ni gari lililoungua.

Sumaku ya kuokotea pini

Kijana aliyekuwa akitutembeza alikuwa na subira sana na watoto. Aliwauliza: mtajuaje kama hili ni jiwe au ni chuma? Mmoja akasema tuligonge. Mwingine akasema tulinyanyue. Hapo ndipo sisi mafundi wa kushona tulipopata la kujivunia, maana mkobani hakukosi sumaku ya kuokotea pini. Tukampa mtoto, akaisogeza taratibu, ikanata kwa kishindo kidogo. Makelele yaliyofuata nadhani yalisikika mpaka Vwawa.

Kijana akawaeleza kwa maneno mepesi. Kimondo hiki ni chuma kiasi cha asilimia 90, na kiasi cha asilimia 8 ni nikeli, yaliyobaki ni chembe za madini mengine. Chuma cha ardhini petu hakipatikani hivyo. Kimejificha ndani ya udongo na mawe, mpaka kiyeyushwe kwa moto mkali ndipo kitoke. Hiki kilikuja kikiwa chuma tayari. Wataalamu wanasema vimondo vya namna hii ni vipande vya kiini cha sayari ndogo zilizoundwa zamani sana, kiasi cha miaka bilioni 4.5 iliyopita, wakati jua na sayari zake vilipokuwa vikianza. Chuma kilizama katikati yake kwa uzito, kikapoa polepole kwa mamilioni ya miaka, kisha zikagongana na kuvunjika.

Kuna jambo moja lililotugusa sisi watu wa nguo. Vimondo vya chuma vya aina hii ukivikata, ukavisugua vikawa laini, kisha ukavipaka tindikali, hutokea mistari iliyopishana, kama kitambaa kilichofumwa. Mistari ile inaitwa kwa jina la Widmanstätten, mtu wa Vienna aliyeichunguza mwaka 1808. Hakuna kiwanda kinachoweza kuifuma, kwa sababu inataka chuma kipoe kwa muda ambao binadamu hana.

Tukatoa na tepu ya kupimia nguo, watoto wakapima urefu na upana na kuandika kwenye daftari. Uzito tukaambiwa ni wa makadirio: wapo wanaosema tani 12, wapo wanaosema tani 16. Kwa vyovyote kimo miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani. Kikubwa kuliko vyote ni cha Hoba, Namibia, kiasi cha tani 60.

Swali la daftari

Ndipo yule wa darasa la tano akauliza swali lililotufanya tuandike haya. Alikuwa ameambiwa kwamba kimondo kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi kutoka Johannesburg, W. H. Nott. Akauliza: "Na watu wa hapa walikuwa wapi?"

Walikuwa hapa hapa. Wanyiha, wenyeji wa Mbozi, walilijua dude hili kabla ya mpima ardhi yeyote kufika. Tena si watu wasiojua chuma. Wanyiha walikuwa wahunzi. Walijenga tanuru za udongo, wakayeyusha mawe yenye chuma kwa makaa na mivuo, wakafua majembe na silaha. Mtu anayejua kukitoa chuma kwenye udongo mwekundu hawezi kupita kwenye donge la chuma la tani nyingi asilitambue kuwa si jiwe la kawaida. Lakini hakuna aliyeandika nani alilikuta, siku gani, na walisema nini jioni ile walipokaa kuotea moto.

Nott alipofika, kilichoonekana juu ya ardhi kilikuwa sehemu ya juu tu. Baadaye udongo ukachimbwa pembeni kwa kuzunguka, kikaachwa kimesimama juu ya nguzo ya udongo, na nguzo ile ikaimarishwa kwa zege. Ndivyo kinavyokaa mpaka leo, kama chungu juu ya mafiga. Inasimuliwa kwamba kukata kipande chenye upana wa kiasi cha sentimita 10 kwa msumeno wa chuma kulichukua muda wa saa kumi za kazi. Sisi tunaokata jinzi kwa mkasi butu tunaionea huruma mikono ile. Kwenye ncha moja pana pengo, ambapo watu walibanduabandua wapate kumbukumbu ya kwenda nayo kwao. Mwaka 1967 serikali ililiweka eneo chini ya ulinzi wa sheria.

Na kilianguka lini? Hapana shimo lililobaki la kuonesha mahali kilipopiga. Kwa hiyo inadhaniwa kilianguka maelfu ya miaka iliyopita, mvua na upepo na mizizi vikafuta kila alama. Huenda hakukuwa na jicho lililokiona kikishuka, au lilikuwapo na habari yake ikafa nalo.

Sisi kisiwani bibi zetu walituambia nyota inayokimbia usiku ni kimondo, ni moto wanaorushiwa mashetani wanaosikiliza kwa wizi habari za mbinguni. Tukikiona tulikuwa tukisema Subhanallah na kuingia ndani. Na wengi wetu tunaisoma Sura ya Al-Hadid, sura yenye jina la chuma, bila kutulia kwenye neno hilo. Hatutaki kulifanya donge la Ndolezi kuwa hoja ya mabishano ya dini. Tunasema tu kwamba mkono ulipokigusa chuma kile cha baridi, sala ya siku ile ilikuwa na uzito mwingine.

Vilivyoondoka na kilichobaki

Turudi kwenye swali la mtoto, kwa sababu lina ndugu zake. Mwaka 1906 huko Tendaguru, Lindi, mhandisi Mjerumani aitwaye Sattler aliandika habari za mifupa mikubwa ajabu iliyotokeza ardhini. Wenyeji walikuwa wakiiona siku zote. Kuanzia 1909 hadi 1913 walichimba mamia ya watu wa nchi hii, wakaibeba mifupa vichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200. Leo mjusi yule mkubwa amesimama kwenye makumbusho ya Berlin, kimo chake kinapita mita 13, na ameoneshwa huko tangu 1937. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Jina kama la babu zetu kabisa, na wangapi kati yetu tumewahi kulisikia?

Huko Greenland nako wenyeji wa barafuni walikuwa na kimondo cha chuma wakikichomoa vipande vya kutengenezea visu, vizazi kwa vizazi. Mwaka 1897 Mmarekani Robert Peary alikipakia melini kipande chake kikubwa, cha tani 31, akakipeleka New York. Kikauzwa kwa jumba la makumbusho, na kipo huko.

Cha Mbozi kimebaki kwao. Mtoto wa Ndolezi anakiona bila viza. Mtoto wa Pemba anakifikia kwa boti na basi. Na yanapofika maadhimisho ya Siku ya Vimondo Duniani, tarehe 30 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2016, Mbozi ina sababu yake ya kusherehekea, si ya kuazima.

Lakini kubaki na kitu bado si kubaki na habari yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wafanyabiashara tunalisema neno hili juu ya madeni na vitenge, tukidhani ni la dukani peke yake. Pale Ndolezi tuliona linavyofika mbali. Wanyiha walikuwa na mali, mpima ardhi alikuwa na daftari, na ulimwengu ukaliandika jina la mwenye daftari. Hatumlaumu kwa kuandika. Alifanya kazi yake, na bila maandishi yake huenda hata sisi tusingefika. Tunachojilaumu ni kwamba mpaka leo wapo wazee wa Mbozi, na wapo wazee wa kwetu Makunduchi na Micheweni, wenye habari za visima, mapango na miti ambazo hazijaandikwa na mtu, na sisi watoto wao tumesoma, kalamu tunazo, simu za kurekodi tunazo.

Jioni ile tukiwa kwenye nyumba ya wageni Tunduma, watoto walikaa sakafuni na daftari lao. Waliandika vipimo, wakachora kimondo na sumaku imenata, wakaandika jina la kijiji na la kilima. Chini kabisa yule wa darasa la tano akaandika: "Waliokijua kwanza ni Wanyiha, wahunzi." Tulimwacha aandike kwa wino.

Ukitaka kuwapeleka watoto

Mwezi wa Juni na Julai Mbozi ni baridi, si ya kwetu ya kujifunika khanga tu. Chukua masweta na soksi. Viatu viwe vya kufunga, udongo ule hautoki kwenye kandambili. Beba sumaku, tepu na daftari. Waache watoto waulize wao, na kijana wa pale ajibu, sisi wakubwa tusikilize. Msimwache mtoto agonge wala kuchokoa: pengo moja pale kwenye ncha linatosha. Na mkipata mzee wa kijiji mwenye nafasi, mwamkieni shikamoo, mkae, mumuulize alisikia nini kwa bibi yake. Halafu mwandike.

Mzigo wetu wa vitenge ulichelewa siku moja kufika dukani, na wateja walinuna. Tumewaonesha daftari.