Usafirishaji Haramu wa Watoto: Namna Shule Inavyoweza Kuutambua na Kuchukua Hatua

Kituo cha reli cha Igalula, wilayani Uyui katika Mkoa wa Tabora, kipo kwenye Reli ya Kati iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ilifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ya kale ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe na kuishia Ujiji. Katika karne ya 19 njia hiyo ilibeba pembe za ndovu, nguo, chumvi na wapagazi, na pia watu waliochukuliwa utumwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa ikafutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Leo njia hiyo ni tegemeo la wakulima, wafanyabiashara na wanafunzi. Hata hivyo, urahisi wa usafiri hutumiwa pia na wanaowatoa watoto vijijini kwa ahadi za kazi au masomo, kisha kuwaingiza katika utumikishwaji na unyonyaji wa kingono. Makala haya yanaeleza maana ya kosa hilo kisheria, dalili zake shuleni, na hatua zinazopaswa kuchukuliwa na walimu, wazazi na viongozi wa vijiji.

Maana kisheria

Tanzania iliridhia Itifaki ya Palermo ya mwaka 2000 mnamo mwaka 2006, na baadaye ikatunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu, Na. 6 ya mwaka 2008. Kwa kawaida kosa hili huwa na sehemu tatu: kitendo, kama vile kumtafuta mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea, njia, kama vile vitisho, ulaghai au kutumia vibaya mamlaka, na lengo, yaani kumnyonya mtu huyo kingono, kumfanyisha kazi kwa nguvu au kumweka katika hali inayofanana na utumwa.

Mtoto, ambaye kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18, amewekewa ulinzi zaidi. Akichukuliwa kwa lengo la kunyonywa, si lazima kuthibitisha kwamba alidanganywa au kutishwa. Aidha, ridhaa ya mtoto, mzazi au mlezi wake haiwezi kuwa utetezi mahakamani. Kosa huhesabiwa kuwa zito zaidi mwathirika anapokuwa mtoto, na vilevile mkosaji anapokuwa mzazi, ndugu, mlezi au mtu mwenye mamlaka juu yake.

Si lazima mtoto avuke mpaka wa nchi ndipo kosa litimie. Kumtoa kijijini na kumpeleka kwenye baa ya mji wa jirani kwa ajili ya kumuuza kingono kunatosha. Kwa upande mwingine, mtoto kwenda kuishi kwa shangazi au mjomba ili asome ni desturi ya jamii nyingi nchini na si kosa. Kinachotofautisha mambo haya mawili ni lengo la kumchukua na anachofanyiwa akifika.

Namna mtoto anavyopatikana

Mara nyingi anayemchukua mtoto si mgeni. Huweza kuwa ndugu, jirani, au msichana aliyewahi kuondoka kijijini na kurudi akiwa na simu na nguo mpya. Ahadi huwa za kawaida: kazi za ndani mjini, kazi ya kuhudumia mgahawani, kujifunza ushonaji, au kusomeshwa. Nauli hulipwa na mwajiri, na mtoto anapofika huambiwa kwamba nauli hiyo ni deni. Simu yake huchukuliwa, mshahara huzuiliwa, na kazi aliyoahidiwa huweza kugeuka kuwa biashara ya ngono.

Wapo pia watoto wanaonyonywa bila kuhama. Mwanafunzi wa sekondari anayeishi mbali na shule na kupanga chumba bila mtu mzima hukabiliwa na vishawishi vya chakula, kodi ya chumba au usafiri wa bodaboda. Mtu mzima anapotoa vitu hivyo ili apate ngono, anatenda kosa la unyonyaji wa kingono. Anapokuwapo mtu wa kati anayemtafuta mtoto na kumpeleka kwa wanaume kwa malipo, jambo hilo huwa usafirishaji haramu. Wavulana nao huathirika, na aibu huwafanya wengi wao wanyamaze.

Dalili zinazoonekana shuleni

Dalili moja pekee si ushahidi. Mwalimu anapaswa kuchukua tahadhari anapoona kadhaa kati ya hizi kwa pamoja:

- Utoro unaoanza ghafla kwa mwanafunzi aliyekuwa akihudhuria vizuri, au unaojirudia siku zilezile, kwa mfano siku za gulio au mwisho wa wiki.
- Simu, nguo au fedha ambazo familia haiwezi kueleza zilikotoka.
- Urafiki wa siri na mtu aliyemzidi sana umri, au mtu anayemsubiri mara kwa mara nje ya uzio wa shule.
- Uchovu, majeraha, maumivu, au mabadiliko ya tabia kama vile hofu, hasira na kujitenga.
- Mazungumzo kuhusu safari ya karibu, kazi mjini au "mama" fulani atakayempokea, bila kujua anwani wala jina kamili la mtu huyo.
- Mwanafunzi anayewashawishi wenzake waende naye kukutana na watu wazima. Huyu naye huenda ni mwathirika aliyetumwa.

Daftari la mahudhurio ndilo chombo cha kwanza cha ulinzi. Mtoto anapoandikwa mtoro bila kuulizwa sababu, shule hupoteza taarifa iliyokuwa mkononi mwake. Mwalimu wa darasa anapaswa kufuatilia siku za mwanzo za kutokuwapo kwa mwanafunzi, kwa kushirikiana na mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji.

Miezi ambayo mtoto hayumo katika daftari lolote

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika kwa kawaida mwezi Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katika kipindi hicho mtoto wa miaka 13 au 14 si mwanafunzi wa shule aliyoiacha wala hajapokelewa na shule mpya. Hakuna mwalimu anayeita jina lake asubuhi. Akiondoka Oktoba, huenda asigundulike kuwa hayupo hadi Januari, na hata hapo kutoripoti kwake huweza kudhaniwa kuwa ni ukosefu wa mahitaji ya shule.

Pengo hili linaweza kuzibwa bila gharama kubwa. Kabla ya wahitimu kuondoka, mwalimu mkuu aandae orodha ya kila mmoja, jina la mlezi, kitongoji na namba ya simu, na nakala ikabidhiwe kwa mtendaji wa kijiji na mtendaji wa kata. Mwezi Novemba orodha ipitiwe. Mwezi Januari ilinganishwe na majina ya walioripoti sekondari, na kila asiyeonekana atafutwe nyumbani.

Swali la uhamisho

Mzazi anapoahidiwa kwamba mtoto wake atasomeshwa mjini, kipo kipimo rahisi. Mwanafunzi anayehama shule huhitaji uhamisho rasmi unaotaja shule anayotoka na anayokwenda. Mtu mwenye nia ya kumsomesha mtoto hana sababu ya kukwepa taratibu hizo. Akisema uhamisho utafuata baadaye, au hawezi kutaja jina la shule, mzazi asimruhusu mtoto kuondoka. Aidha, mzazi aulize jina kamili la atakayempokea, mtaa anaoishi na namba ya simu, kisha amjulishe mtendaji wa kijiji kabla ya safari.

Mtoto anapozungumza

Mwalimu anayeelezwa jambo hili amsikilize mtoto mahali penye faragha lakini panapoonekana na wengine. Asimhoji kama mpelelezi, asimlaumu, wala asimwahidi kwamba atatunza siri. Amweleze kwamba amefanya vyema kusema, na kwamba watajulishwa wale tu wanaoweza kumsaidia. Kisha aandike maneno ya mtoto kama alivyoyasema, pamoja na tarehe na saa.

Taarifa itolewe siku hiyohiyo kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za ukiukwaji wa haki za mtoto kuzifikisha kwa mamlaka ya serikali za mitaa katika eneo lake. Mtuhumiwa asiitwe shuleni. Iwapo kuna shaka kwamba mzazi au mlezi anahusika, asiarifiwe kwanza. Endapo anayetuhumiwa ni mwalimu au kiongozi, mtoa taarifa apeleke jambo moja kwa moja polisi, ustawi wa jamii au kwa namba 116.

Ikiwa mtoto amefanyiwa ukatili wa kingono, afikishwe kituo cha afya mapema iwezekanavyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa zikianza kutumiwa ndani ya saa 72. Nguo alizovaa zisifuliwe, kwa kuwa huweza kuwa ushahidi.

Iwapo mtoto tayari yuko safarini, polisi wajulishwe mara moja bila kusubiri siku ipite. Watajiwe chombo alichopanda, saa aliyoondoka, mavazi yake na namba ya simu ya anayempokea. Treni au basi lina vituo vingi njiani, na taarifa ya mapema ndiyo inayowezesha mtoto kupatikana kabla ya kushuka.

Kuyamaliza mambo haya nyumbani kwa faini ya ng'ombe au fedha hakumlindi mtoto. Aliyelipa hubaki huru, na mtoto mwingine huwa hatarini.

Kumrejesha shuleni

Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, kurejea katika mfumo rasmi wa elimu. Mtoto aliyeokolewa ana haki hiyo. Jina lake lisitajwe kwenye gwaride la asubuhi, picha yake isisambazwe kwenye makundi ya simu, na historia yake ijulikane na mwalimu wa ushauri nasaha pamoja na wachache wanaohusika naye.

Mahali pa kutoa taarifa

Namba ya Simu kwa Mtoto ni 116 na hupigwa bila malipo. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Taarifa hupokelewa pia na Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri, Dawati la Jinsia na Watoto, na ofisi za watendaji wa vijiji na kata. Mtoa taarifa hahitaji kuwa na uthibitisho. Kazi ya kuchunguza ni ya vyombo husika.