Sehemu ya 6: Klorini iliyogeuzwa kipindupindu

Mama zangu wa Masasi na Newala, leo tuvuke Ruvuma. Wamakua wa Masasi mna ndugu hadi Nampula, Wamakonde wa Newala mna ndugu Mueda, kwa hiyo haya si ya mbali.

Kwa Kireno klorini ni "cloro", kipindupindu ni "cólera". Ona yanavyokaribiana. Mvua zikianza, watu wa afya wanatia klorini visimani, na mvua hizohizo ndizo zinaleta kipindupindu. Mtu anaona wametia dawa, siku chache baadaye mtoto anaharisha. Msiwacheke. Usipoelezwa kitu, hata wewe ungeunganisha hivyohivyo.

Mwaka 2009 mkoani Nampula watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walishambuliwa, wengine wakauawa. Serikali ikajibu kwa polisi. Machi mwaka huo, wilayani Mogincual, waliokamatwa walirundikwa kwenye selo ndogo, zaidi ya kumi wakafa kwa kukosa hewa. Ndugu wa marehemu utamwambia nini tena kuhusu dawa ya maji?

Na uvumi haukufa. Aprili 7, 2024, watu wa Lunga walisikia maneno ya kipindupindu, wakajazana kwenye boti ya uvuvi kukimbia. Ikazama karibu na Kisiwa cha Msumbiji. Karibu watu 100 walikufa, watoto wengi.

Sisi nasi tusijione wajanja. Takwimu zetu za korona zilisimama Mei 2020, wagonjwa 509, vifo 21, kisha kimya zaidi ya mwaka. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, cha kuadhibu taarifa za uongo, kilikuwepo muda wote huo. Na maneno ya chanjo na ugumba yalienea vilevile, maana hakuna aliyekuwa anajibu. Julai 28, 2021 Rais Samia alichanjwa mbele ya kamera. Ilisaidia, lakini foleni bado zilikuwa fupi. Kilichosogeza mambo, kwa maoni yangu, ni pale wachanjaji walipoacha kusubiri vituoni wakaanza kuwafuata watu vijijini na sokoni, mtu akauliza na akajibiwa papo hapo.

Kwa hiyo ukisikia neno kuhusu chanjo ya binti yako au dawa ya kutibu maji, njoo nalo kliniki lilivyo, hata kama ni la aibu. Hatukukamati, mama.

Sehemu ya 7: mumiani.