Parkside Imeuzwa! (Sehemu ya Kwanza)

Msomaji wangu, sogea karibu. Leo twende Hunslet, kusini mwa jiji la Leeds, Uingereza.

Huo ni mtaa wa viwanda. Watu wake waliunda injini za treni wiki nzima, na Jumamosi mchana wakamiminika katika kiwanja kimoja tu: Parkside, nyumbani kwa klabu yao ya raga.

Mwaka 1973 kiwanja hicho kiliuzwa, na klabu ikavunjwa. Na nani? Tulia, tutafika.

Kwanza ujue ilikuwa klabu ya aina gani.

Mwaka 1895 klabu za kaskazini zilijitenga na chama cha raga cha Uingereza. Mfanyakazi akienda kucheza alikosa ujira wa siku, na wakubwa wa chama walikataa katakata afidiwe. Hapo ndipo ilipozaliwa raga ya ligi, inayochezwa na watu 13 kila upande tangu 1906. Hunslet walikuwemo tangu mwanzo.

Sasa fika msimu wa 1907–08. Mataji makubwa yalikuwa manne, na hakuna klabu iliyowahi kuyabeba yote kwa msimu mmoja.

Nahodha wa Hunslet, Albert Goldthorpe, alikuwa na miaka 36. Mzee? Waulize waliokutana naye! Msimu ule akawa mchezaji wa kwanza kufikisha mabao 100 ya mkwaju kwa msimu mmoja. Na mafowadi wake sita walipewa jina moja tu: Sita wa Kutisha.

Kombe la Yorkshire, wakachukua. Ligi ya Yorkshire, wakachukua. Fainali ya Challenge Cup ikachezwa mwishoni mwa Aprili, theluji ikianguka. Hull wakapigwa 14–0.

Likabaki moja. Ubingwa. Mpinzani, Oldham.

Dakika 80 zikaisha. Unajua matokeo? 7–7.

Hebu fikiria miguu ile iliyochoka, msimu mrefu vile, halafu unaambiwa mrudie!

Wakarudia. Hunslet 12, Oldham 2. Mataji manne, mtaa mmoja.

Miaka ikapita. Wakatwaa Challenge Cup tena mwaka 1934, na Ubingwa mwaka 1938 kwa kuwafunga majirani zao Leeds.

Kisha ikaja fainali nyingine ya Challenge Cup: Mei 1965, Wembley, watazamaji 89,016. Wigan walishinda 20–16, lakini fainali hiyo inasifiwa hadi leo. Hata tuzo ya mchezaji bora iligawanywa kwa mara ya kwanza: Ray Ashby wa Wigan na Brian Gabbitas wa Hunslet.

Umewaona wale mashabiki wa Hunslet wakirudi nyumbani, vifua mbele japo wamefungwa? Watazame vizuri. Wengi wao nyumba zao zilikuwa zinahesabiwa siku.

Jiji lilikuwa linabomoa nyumba kongwe za mtaa ule, safu baada ya safu. Familia zikahamishiwa mbali. Baba aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Parkside na wanawe, sasa apande basi?

Mwaka 1971 moto ukateketeza jukwaa kuu. Wapo wanaosema klabu iliungua siku ile. Mimi nasema ilianza kufa siku greda la kwanza lilipoingia mtaani.

Na wauzaji? Hawakutoka mbali. Ni wenye klabu wenyewe. Aprili 1973 ikachezwa mechi ya mwisho pale Parkside, na klabu ya mataji manne ikafutwa.

Yameisha?

Kaa chini, bado! Kulikuwa na mtu anaitwa Geoff Gunney. Aliichezea Hunslet tangu 1951, wala hakuwa na klabu nyingine. Wembley 1965 alikuwepo. Yeye na wenzake wakasema klabu hii haizikwi. Wakaanzisha upya, wakaiita New Hunslet.

Jina walikuwa nalo. Wachezaji wangepatikana. Lakini wacheze wapi? Parkside haikuwa yao tena, na msimu mpya ulikuwa unabisha hodi.

Hatimaye wakapata uwanja, ng'ambo ya barabara kutoka Elland Road, nyumbani kwa watu wa soka. Gunney akaenda. Ila uwanja ule ulikuwa na wenyewe, wakimbiaji wa kutisha kuliko winga yeyote wa raga.

Na kila mmoja wao alikuwa na miguu minne.

Itaendelea wiki ijayo.