Usalama wa waifai kwa mashine ya gemu (Bariadi, Simiyu)

Usalama wa waifai kwa mashine ya gemu ni namna ya kupanga ruta na mashine kama PlayStation au Xbox ili gemu ziingie mtandaoni bila mtandao wa nyumba kuwa wazi kwa kila apitaye. Mjini Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012, suala hili huja pale mashine inapotoka kwenye banda la gemu la kulipia na kuhamia sebuleni.

Nyumba nyingi hupata intaneti kwa simu au kwa ruta ya laini, yaani kwa bando. Kwa hiyo mharibifu si lazima awe mdukuzi: jirani aliyetajiwa pasiwedi mara moja anatosha kumaliza kifurushi. Gemu moja ya PlayStation 4 au 5 huweza kuzidi GB 50, na masasisho yake hujipakua yenyewe usipoyazima.

Kazi ya kwanza ni kubadili pasiwedi ya kuingilia kwenye mipangilio ya ruta. Hii ni tofauti na ile ya waifai, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Anwani ya kuingilia, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.8.1, huwa kwenye kibandiko chini ya ruta. Ukiwa humo zima WPS, yaani njia ya kuunganisha vifaa bila kuandika pasiwedi ya waifai. Mwaka 2011 ilibainika kuwa namba yake ya siri yenye tarakimu 8 hukaguliwa nusu kwa nusu, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata.

Kisha chagua aina ya ulinzi. WEP ilionekana mbovu tangu 2001. WPA2 ilikuja 2004 na WPA3 mwaka 2018. Tatizo ni mashine za zamani. Nintendo DS ya 2004 haijui kingine zaidi ya WEP, na mwenye nyumba akishusha ulinzi wa ruta kwa ajili yake, simu ya baba yenye akaunti ya pesa nayo hubaki kwenye mtandao huohuo dhaifu. Mashine ya namna hiyo ichezwe bila mtandao, basi. PlayStation 4 hutumia WPA2, kwa hiyo ruta iliyowekwa WPA3 pekee huikataa. Weka WPA2 na WPA3 kwa pamoja. Toleo la kwanza la PlayStation 4, la 2013, hunasa mawimbi ya GHz 2.4 tu, hata ruta iwe mpya kiasi gani. Ruta ikiwa na mtandao wa wageni, mashine ya gemu na marafiki wa watoto wawekwe huko.

Wachezaji hulalamikia NAT (namna vifaa vingi vinavyotumia anwani moja ya nje) ya aina ya 3, inayokwamisha mazungumzo na mechi za mtandaoni. Kwenye intaneti ya laini chanzo mara nyingi ni kampuni ya simu kuwapa wateja wengi anwani moja ya nje, hivyo kufungua milango ya ruta au kuwasha DMZ (kuelekeza kila kinachotoka nje kwenye mashine moja), kama vijana wanavyoelekezana, hakusaidii kitu.

Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Anayeuza mashine yake airudishe kwanza katika hali ya kiwandani, kwa sababu huhifadhi pasiwedi ya waifai na akaunti ya mwenyewe.